Mama Aliyesafirisha Vivimbe Vyetu

Habari ilinifikia kwa simu siku ya Jumamosi, jioni, nikiwa nimekaa barazani kwangu hapa Manika, mjini Kolwezi. Aliyepiga alikuwa mwanawe wa kwanza. Alinisalimu kwa utaratibu, akauliza habari za mke wangu na za watoto, kama wanavyofanya waliolelewa vizuri hata wakiwa na msiba mkononi, kisha akaniambia kwamba mama yake amefariki. Wasomaji wangu wa kila wiki mnajua kuwa mimi si mtu wa kukosa maneno. Siku hiyo niliyakosa, na lililonitoka kwanza halikuwa pole. Nilimuuliza, "Ile kitu ilirudiaka?" "Hapana, tata," akasema. "Moyo njo ilisimama. Alikula bukari yake, akasema anaenda kujinyosha kidogo, akalala. Munganga wa hospitali amemuona. Ile kitu haikurudia." Sote wawili tukashusha pumzi, kila mmoja upande wake wa simu, kama watu waliopokea habari njema. Ndipo nikakumbuka kumpa pole.

Wapo watakaoona aibu kwa niaba yangu. Mtu amekufa, na mwandishi wenu anashusha pumzi. Lakini waliomjua marehemu katika miaka yake ya mwisho watanielewa bila maelezo, na kwa ajili ya wale ambao hawakumjua nimeacha leo kuandika juu ya umeme unaokatika na malori yanayoziba barabara. Hakuwa ndugu yangu, wala hatukuwa watu wa kutembeleana. Alikuwa mtu niliyekuwa nikinunua kwake samaki. Baba yake aliletwa kutoka Kasai akiwa kijana kuja kufanya kazi ya mgodi. Yeye akazaliwa hapa, akabatizwa hapa, akaolewa hapa na karani wa ofisi za mgodi ambaye alimwacha mjane mapema. Katika ile miaka mibaya ambapo watu wa asili yake waliambiwa warudi kwao, alifunga mizigo kama wengine akakaa stesheni kungoja treni. Fujo zilipopoa alirudi, akafungua tena meza yake sokoni, na sikuwahi kumsikia akimtaja hata mmoja wa wale waliomfukuza. Aliuza tomsoni, wale samaki wa kugandishwa wanaovuka mpaka wakiwa ndani ya makatoni. Biashara ilipokua alinunua pikapu, baadaye na nyingine, pamoja na masanduku makubwa ya kutunza baridi. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya chini, asiyependa kubishania bei. Ukimwambia samaki wake ni ghali, alikuonyesha meza ya jirani kwa kidevu, bila chuki, kama mtu anayekuelekeza njia.

Ugonjwa ulimjia polepole. Kwanza alianza kushiba haraka. Matonge machache tu, na sahani inasukumwa pembeni. Kisha akawa mzito wa tumbo upande mmoja, akapata choo cheusi na kizunguzungu, mpaka siku moja akaanguka sokoni kati ya makatoni yake. Majirani walikuwa na maelezo yao. Kuna waliosema ni wivu wa biashara, kwamba mtu alimtegea kitu kwenye chakula. Wenzake wa kikundi cha maombi walimfungia siku za kusali. Yeye aliwasikiliza wote, akawashukuru wote, akaenda hospitali. Wakampasua, wakatoa kitu kikubwa kilichokuwa kimeota kwenye ukuta wa tumbo la chakula. Alipopata nguvu za kukaa kitandani, daktari aliyempasua alivuta kiti karibu naye. Maneno aliyomwambia alinisimulia yeye mwenyewe baadaye, na alikuwa akiyarudia kwa heshima, kama mtu anayekumbuka zawadi. "Mama," daktari alisema, "kansere ya tumbo nimezionaka mingi. Hii nilitoa haifanane nazo. Jina yake siyui. Na mi siwezi kukupa dawa ya kitu siyui jina."

Ni mara chache daktari wa kwetu humwambia mgonjwa kwamba hajui. Tumewazoesha vibaya, tunataka watoke chumbani na jibu hata kama ni la kubuni. Huyu angeweza kusema ni saratani ya tumbo, ya kawaida, akamwandikia dawa za kutuliza maumivu, na familia ingeanza kutafuta mahali pa kukodi viti vya matanga. Badala yake alikata kipande cha ile nyama ili kipelekwe Lubumbashi, kwenye maabara ambako wapo madaktari ambao kazi yao ni kuangalia nyama za wagonjwa kwa darubini. Hapo ndipo shida ilipoanza. Hospitali haikuwa na mtu wa kupeleka vitu hivyo. Kilichofanyika kwake ndicho kilichokuwa kikifanyika kwa kila mtu: muuguzi alitia kipande ndani ya chupa ndogo iliyokuwa ya dawa ya kikohozi, akamimina formalini, ile dawa kali inayozuia nyama isioze, akaenda kituo cha mabasi akamkabidhi kondakta. Mama akarudi nyumbani kungoja. Wiki zikapita. Alipotuma mtu kuuliza, maabara ilijibu kwamba haijaona kitu. Kondakta, alipobanwa, alikiri bila haya kwamba abiria walilalamikia harufu, naye akaitupa ile chupa njiani kabla ya Likasi. Hakujua ni nini. Alidhani ni dawa ya panya.

Sipendi kumlaumu sana kondakta yule. Hakuna aliyemwambia amebeba uhai wa mtu. Bahati njema ni kwamba daktari alikuwa ametunza sehemu iliyobaki ya ule uvimbe. Safari hii mama hakumpa mtu. Hakungoja hata siku ya pikapu zake; alikaa kwenye basi na chupa mapajani, imefungwa kwenye kitenge, mshono wa tumbo lake ukiwa bado haujakauka vizuri, akapita madaraja na foleni za malori ya shaba mpaka Lubumbashi. Aliyempokea maabara alikuwa daktari wa kike, mtu wa makamo, mwenye haraka ya kazi lakini si ya maneno. Alipoiinua ile chupa aligundua kwamba kipande kilichoingia kikiwa laini sasa kimekakamaa na kuwa kigumu, hakiwezi kupita tena kwenye shingo ya chupa. Ilibidi aifunge kwa kitambaa na kuivunja. Mama alimuuliza kama hilo hutokea mara nyingi. Daktari alimpeleka kwenye rafu nyuma ya mlango na kumwonyesha chupa zilizofika zikiwa zimekwisha kuharibika: nyingine zilikuwa na maji matupu badala ya formalini, nyingine zilivuja zikakauka, nyingine jina la mgonjwa liliandikwa kwenye kifuniko na vifuniko vikabadilishwa njiani. Nyuma ya kila chupa palikuwa na mtu anayengoja nyumbani kwake. Mama alisema kwamba alisimama mbele ya rafu ile akasahau kabisa tumbo lake.

Jibu lake halikupatikana hapo hapo. Daktari yule aliona kwamba uvimbe si wa kawaida, akatuma sehemu yake nje ya nchi, kwa wenzake wenye rangi maalumu za kutambua seli. Jina liliporudi lilikuwa refu, na sitalitaja hapa kwa kuwa hata mimi hulikosea. Ulikuwa uvimbe wa nadra unaoota ndani ya ukuta wa tumbo, na chanzo chake ni kosa dogo ndani ya seli: ishara inayotakiwa kuwaka na kuzimika, imewaka na haizimiki, inaiambia seli ikue, ikue, ikue. Dawa za kawaida za saratani hazimfanyi kitu mgonjwa wa namna hiyo. Lakini kipo kidonge kilichotengenezwa ili kuizima ishara hiyohiyo, kinachomezwa nyumbani kila siku pamoja na chakula. Wazazi wetu wangeugua ugonjwa huo, jina lake lisingewasaidia kitu, maana dawa haikuwepo. Yeye aliugua wakati dawa ipo. Alipata vidonge kupitia mpango mmoja wa kusaidia wagonjwa, akavimeza. Vilimvimbisha kope asubuhi, hata wateja wakadhani anaamka akilia, na vilimpa mkakamao wa misuli ya miguu. Lakini picha za tumbo zilizofuata zilikuwa safi, na zilizofuata hizo pia. Mwanamke ambaye shemeji zake walikuwa wamekwisha kuulizana nani atachukua pikapu, akarudi sokoni.

Tangu nilipomsikiliza akisimulia habari hiyo nimekuwa msomaji wa mambo ya uvimbe, kwa kadiri mtu asiye daktari anavyoweza kuyasoma. Ninachoelewa ni hiki. Magonjwa ya nadra yalidharauliwa kwa muda mrefu kwa sababu kila moja lina wagonjwa wachache, na wachache hawana sauti. Mgonjwa mmoja hapa, mwingine kule, hakuna hospitali moja inayowaona wa kutosha kujifunza kitu. Siku hizi watafiti wa nchi mbalimbali wanaunganisha wagonjwa wao, na badala ya kuuliza tu uvimbe umeota wapi, tumboni au pajani, wanauliza ni kosa gani ndani ya seli linaloukuza. Kwa njia hiyo wanapata dawa zinazolenga kosa lenyewe, na wakati mwingine wanapata jambo ambalo lina thamani kuliko dawa, yaani kujua ni uvimbe upi haupaswi kuguswa. Elimu hiyo yote, pamoja na ukubwa wake, inaanzia kwenye kipande cha nyama kilichofika kikiwa kizima. Kisipofika, mgonjwa wa Kolwezi anaishi katika karne iliyopita, hata kama dawa yake iko dukani.

Marehemu aliliona pengo hilo kwa jicho la mfanyabiashara. Aliporudi kutoka Lubumbashi aliangalia pikapu zake, ambazo zilikuwa zikienda Lubumbashi zikiwa tupu kufuata samaki na kurudi zimejaa, akaona kwamba anazo barabara, anao madereva anaowaamini, na anayo masanduku. Akamwendea daktari aliyempasua, akamwambia kuanzia sasa chupa zote zipitie kwake. Mwanzoni alifanya kama anavyojua: alizitia chupa kwenye barafu. Daktari wa maabara alipofungua sanduku la kwanza alimpigia simu. "Mama, hii siyo samaki," alimwambia. "Barafu inaiharibu. Yenyewe inaomba formole tu, na kivuli." Mtu mwingine angeona haya na kuacha. Yeye alipanda gari lililofuata, akakaa maabara siku nzima akiuliza. Alijifunza kwamba chupa iwe na mdomo mpana, formalini iwe nyingi kuliko nyama mara nyingi, jina liandikwe ubavuni na si kwenye kifuniko, kifuniko kizungushiwe gundi, na chupa iwekwe kwenye mfuko wenye pamba ili ikivuja isichafue ya mwenzake. Alinunua masanduku mapya ambayo hayakuwahi kuona samaki. Akaweka siku maalumu katika wiki ambayo gari linaondoka hata kama lina chupa moja tu, na hilo, aliniambia, ndilo lililowashangaza madereva wake kuliko yote, maana katika mji huu gari haliondoki mpaka lijae.

Huku kwetu tukisikia neno ubunifu katika biashara, tunafikiri ni kompyuta, au mashine ngeni inayoshushwa na wageni kwenye uwanja wa mgodi. Na tukisikia neno utajiri, tunaangalia chini, kwenye udongo, kwa sababu tumezaliwa juu ya shaba na kobalti na tumefundishwa kwamba kila kitu cha maana kinachimbwa. Yule mama hakuchimba kitu. Alichukua elimu iliyokuwa imelala kwenye maabara moja, akaitembeza. Aliwaleta wataalamu wa maabara Kolwezi mara kwa mara wawafundishe wauguzi namna ya kutia kipande kwenye chupa. Zahanati za makampuni ya mgodi, ambazo zilikuwa tayari kulipa ili chupa zao zifike haraka, zilimwezesha kubeba bila malipo chupa za zahanati ya Mutoshi, ambako wachimbaji wa mkono hufika na vivimbe walivyokaa navyo mpaka vimeiva. Chupa zilianza kuja kutoka Mutshatsha zikiletwa na wafanyabiashara wa makaa aliowafundisha kuzishika. Zikaja hata kutoka Musumba, kule Kapanga, kwa pikipiki na kwa malori, msimu wa mvua zikichelewa sana. "Haina mambo," alikuwa akisema. "Nyama mu formole iko na subira. Mugonjwa njo hana." Jibu lilikwenda kwa daktari moja kwa moja. Yeye hakulisoma wala hakuuliza. Alikuwa akisema kazi yake inaishia mlangoni.

Kuna jambo moja lililowagawa watu wake, nami nalisimulia kwa kuwa linamwonyesha alivyokuwa. Mwenye mabasi mmoja aliona kazi inakwenda, akatangaza kwamba naye anabeba chupa za hospitali, tena haraka zaidi. Akaanza kuzichukua kwa ile njia ya zamani, chini ya kiti cha dereva, pamoja na madumu ya mafuta ya mawese. Mwana wa marehemu alikasirika, akataka wamshitaki, au angalau wawaambie madaktari jinsi chupa zinavyoharibiwa huko ili wamkimbie. Mama alipanda pikipiki ya kukodi, na mfuko wa chupa zenye midomo mipana mkononi, akaenda ofisini kwa yule bwana. Akakaa na makondakta wake asubuhi nzima, akawafundisha yote aliyofundishwa, akawaachia zile chupa. Aliporudi nyumbani, wakati wa chakula, mwanawe akamuuliza ni biashara ya namna gani hiyo. Mama alimjibu, "Chupa yake ikipotea, mugonjwa hatasema ni gari ya fulani iliipoteza. Atasema kule Lubumbashi habaonake kitu. Atabakia kwake, atakufa." Yule mwenye mabasi alibeba chupa kwa muda, kwa uangalifu kabisa, halafu akaacha mwenyewe alipoona inabidi gari liondoke hata kama halijajaa. Lakini makondakta wake, nimeambiwa, wakikutana na chupa ya hospitali hadi leo huishika kwa mikono miwili.

Nami nilikuja kuwa mzigo wake. Niligundua uvimbe kwenye paja, ndani, mgumu kama fundo la kamba, na nikaukalia kimya. Wahenga wanasema mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nimeiandika methali hiyo katika safu hii zaidi ya mara moja, kwa faida ya wengine. Mke wangu ndiye aliyeuona. Daktari aliyenipima hakupendezwa na ukubwa wake. Alisema kwamba ikibidi, atalazimika kukata kwa upana, misuli na yote, na kwamba huenda nisitembee tena kama zamani. Lakini kwanza alikata kipande. Nilikifuata kile kipande mpaka uani kwa marehemu, nikasimama namwangalia akikagua kifuniko, akisoma jina langu ubavuni mwa chupa. Nilimwambia kwamba naona nitakufa. Hakunicheka, wala hakuniambia nisiwe na hofu. Aliiweka chupa kwenye mfuko wake wa pamba, akafunga sanduku, akanipa kiti. "Ya kufa, tutakufa bote, tata," akasema. "Lakini hii iko mu chupa haiyasema kitu. Ngoya iseme kwanza. Utalia kisha, kama iko ya kulia."

Nimeshauriwa na makasisi na nimeshauriwa na ndugu, lakini sijapata kusikia ushauri uliosimama wima kama huo. Nilirudi nyumbani nikaweza kula. Jibu lilipofika, daktari wangu aliniita na alikuwa na uso wa mtu aliyepumzika. Ulikuwa uvimbe wa nadra wa nyuzi za mwilini, ambao hukua pale ulipo na hausambai kwenda kwingine. Akanieleza kwamba zamani yeye na walimu wake wangeufuata kwa kisu bila kufikiri mara mbili, na mara nyingi ungeota tena kwenye kovu. Siku hizi waliouchunguza wanashauri kwamba mgonjwa kama mimi aangaliwe kwanza, apigwe picha kila baada ya miezi kadhaa, kwa sababu vingi vya aina hii husimama vyenyewe na vingine hunywea. Kwa hiyo bado ninao. Nimeukalia ninapoandika maneno haya, na umekuwa mdogo kuliko ulivyokuwa. Mguu wangu ni mzima. Nilipotoka kwa daktari sikuenda nyumbani kwanza, nilipita uani kwake kumweleza. Alikuwa akipanga makatoni. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono, akamshukuru Mungu kwa Kiluba cha kwao, kisha akasema "Aksanti Mungu" kwa Kiswahili cha hapa, halafu akarudi kwenye makatoni yake, kwa kuwa gari la samaki lilikuwa likingoja.

Sasa mtaelewa kwa nini swali langu la kwanza kwenye simu lilikuwa lile. Kila aliyempenda aliishi na hofu hiyo moja, kwamba vidonge siku moja vitachoka, kitu kile kitarudi, na sisi tutamwona akimalizwa na adui ambaye yeye mwenyewe alitusaidia wote kumwita kwa jina. Haikuwa hivyo. Alifika uzeeni, akaona wajukuu, akala chakula chake akashiba, akajinyoosha mchana. Moyo uliochoka unamchukua tajiri na maskini, na haumwulizi mtu amevumbua nini.

Tulimzika Jumatatu. Siku iliyofuata ilikuwa ndiyo siku ya gari la chupa. Uani kwake palikuwa pamejaa viti, turubai limefungwa kuanzia ukuta mpaka lango, akina mama wa kikundi cha maombi wanaimba, na katikati ya uwanja imesimama ile pikapu ikiwa na sanduku nyuma. Hospitali zilikuwa zimekwisha kuleta chupa zao. Desturi ya kwao, na ya kwetu sote, inajulikana: mwenye nyumba akifa, kazi ya nyumba inasimama mpaka matanga yaondoke, na anayegusa biashara mapema anaonekana kuwa alikuwa akikingoja kifo. Baadhi ya wajomba walikuwa wamekwisha kusema kwamba funguo za gari zikae ndani. Mwanawe alikuwa amesimama kando ya gari na dereva, hawezi kusema ondoka, hawezi kusema baki. Nilimwona akitafuta macho ya wazee mmoja mmoja, na kila mmoja akiangalia pembeni, mimi nikiwa mmojawapo.

Aliyesema ni dada mkubwa wa marehemu, aliyekuja kutoka Likasi, bibi aliyekuwa amekaa kwenye mkeka pamoja na wafiwa tangu siku ya kwanza. Aliuliza kuna nini ndani ya sanduku. Wakamweleza. Akafikiri, akajipangusa uso kwa ncha ya kitenge, akasema kwa sauti ambayo wote tuliisikia: "Mwenye kufa ni mudogo wangu. Bale ba mu chupa bangali bazima. Mufungue njia." Watu walisimama, wakaanza kusogeza viti huku na huku, wanaume wakalegeza kamba ya turubai upande wa lango, na waimbaji wakapunguza sauti bila kuacha kuimba. Pikapu ikapita taratibu katikati yetu, ikaingia barabarani, ikaelekea Lubumbashi. Mwanawe alikaa chini kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi, akalia vizuri, kama mtu aliyeruhusiwa.

Nimekwenda mazishi mengi katika mji huu, na mara nyingi nimerudi nikijua kwamba tumefukia mtu pamoja na kazi yake. Safari hii nilirudi mwepesi. Funzo nililolipata ni la kutumia, si la kupendeza tu. Watafiti wamefanya sehemu yao na wanaendelea kuifanya, dawa zinazidi kupatikana, na hata ugonjwa wenye wagonjwa wachache duniani leo una watu wanaoufikiria. Lakini kati ya elimu yao na mwili wako ipo barabara, na barabara isiyo na mwenyewe hupoteza vitu. Kwa hiyo, msomaji wangu, ukigusa mahali pamevimba usipopajua, usingoje. Nenda wakate kipande. Na kabla hujatoka hospitali, muulize daktari wako kipande hicho kinasafiri na nani.